Kibano cha Mama Nyapara

Shingoni mwake, mahali ambapo wanawake wengine wa kigango chetu hutundika msalaba, Mama Nyapara alitundika kibano. Msalaba alikuwa nao pia, ila ulizunguka ukakaa mgongoni, kwa sababu kibano ndicho kilichokuwa na kazi ya kila siku. Kilikuwa cha chuma, kirefu kama kidole cha mtoto, na ncha zake alizinoa kwenye jiwe la karo la nyuma ya ghala mpaka zikawa kali ajabu. Angeweza kung'oa sharubu za siafu kwa kibano kile, na siafu mwenyewe asingeamka.

Alikuwa nyapara wa vichanja katika shamba la kahawa lililolala chini ya msitu wa Ngorongoro, upande wa Karatu. Kwa asiyejua, kichanja ni meza ndefu ya wavu. Kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa huanikwa juu yake, na wanawake husimama huku na huku wakichambua: iliyopasuka nje, nyeusi nje, iliyotobolewa na wadudu nje. Wanachambua tangu ukungu unapoinuka mpaka jua linapochoka. Kazi yote ni ya macho, mikono inafuata tu.

Na macho ndiyo yaliyokuwa shida. Vikope, ugonjwa wa macho, kwetu watu wanavijua kama wanavyoijua baridi ya mwezi wa saba. Vinaanza utotoni: macho mekundu, matongo, nzi. Vinapona, vinarudi, vinapona, vinarudi, na baada ya miaka mingi ngozi ya juu ya jicho inajikunja kwa ndani, kope zote zinageuka na kulikwaruza jicho lenyewe. Kila ukipepesa unajikwaruza. Ongeza na vumbi letu la mwezi wa nane, ambalo ng'ombe mweupe akilala nje anaamka mwekundu na mwenyewe hamtambui.

Basi kila Jumatatu kabla ya kazi, Mama Nyapara alipindua ndoo, akaketi, na wanawake wakaja mmoja mmoja kulaza vichwa mapajani pake. Aling'oa kope zilizogeuka, moja baada ya nyingine, akizipangusa kwenye khanga yake.

"Tulia."

"Inauma, Mama."

"Tulia, nisije nikang'oa na akili, yenyewe unayo ya kubahatisha."

Wakicheka, anang'oa. Hiyo ndiyo ilikuwa ganzi yake.

Mimi nilifika pale kutoka Singida na mfuko wa rambo wenye suruali moja na njaa ya watu watatu. Msimamizi alisema nafasi zimejaa. Mama Nyapara, ambaye hakuwa amewahi kuniona hata kwenye ndoto, akasema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu." Yeye Mwiraqw wa Ganako, mrefu, mwembamba, pua imenyooka kama rula, mimi Mnyiramba mfupi mwenye uso wa chungu. Sura zetu zisingekubali kukaa kwenye picha moja. Msimamizi akatutazama, akatutazama tena, akaniandika. Tangu siku hiyo akaniita Singida, na mimi nikamwita Mama, na ndugu zake halisi wakanizoea kwenye misiba na harusi kama nimezaliwa huko.

Alikuwa mkali kwa mambo madogo na mpole kwa makubwa. Ukiacha punje moja nyeusi kichanjani, ulisikia habari zako mpaka saa ya chakula. Lakini mwanamke mmoja alipoangusha kichanja kizima matopeni siku ya mvua, aliinama naye wakaokota wote, hakusema neno. Makande yake hakuyala bila kuyachambua upya, harage kwa harage, kana kwamba hata sufuria ilikuwa na mnunuzi wa nje. Watoto wa kambi ya wafanyakazi aliwakamata njiani na kuwanawisha nyuso kwa nguvu, akiwafundisha mama zao kwamba nzi akitua kwenye jicho la mtoto anaacha mzigo. Hilo alilisema kabla ya daktari yeyote kufika pale. Lakini jicho lake mwenyewe ukilitazama sana alikuuliza kama umetumwa na serikali.

La kulia lilikuwa na doa jeupe, mfano wa punje ya mchele. Alivuta kilemba chini upande huo na kusema alichomwa na mwiba. Kila mwaka mwiba ulikuwa wa mti mwingine.

Wakati fulani kanisa lilifungua darasa la jioni kwa watu wazima, nasi tukajiandikisha pamoja. Yeye alikaa dawati la kwanza kabisa, pua karibu iguse ubao, nami nilimsifu kwa bidii hiyo. Wiki ya tatu akaacha. Alisema herufi zinatembea kama mchwa na yeye ameshachoka kufukuza wadudu mchana kutwa. Mimi niliendelea miaka minne. Nilipata cheti, nikakiwekea fremu, na siku niliyokileta kazini niliwaonyesha watu wote wa shamba, mbwa wa mlinzi wakiwemo. Nikafanywa karani wa daftari la wafanyakazi. Kwa namna nilivyotembea wiki ile, ungedhani nimeteuliwa balozi.

Mama Nyapara alikishika cheti, akakigeuza mgongo, akakirudisha.

"Bado hujajua kusoma, Singida. Unajua kutamka."

Nilikuja kuelewa alichomaanisha baada ya tangazo kubandikwa mlangoni mwa ofisi. Wanunuzi wa kahawa walitaka uthibitisho kwamba wafanyakazi wanapimwa afya, na meneja akakubaliana na timu ya macho iwe inakuja kila msimu. Wanawake wakanizunguka nisome.

"Wafanyakazi wote watapimwa macho," nikasoma, kwa sauti ya kuhutubia mkutano.

"Halafu?" akauliza Mama Nyapara.

"Atakayegundulika na tatizo atapewa huduma bure."

"Halafu?"

"Basi, Mama. Imeishia hapo."

"Haijaishia. Soma kilichobaki."

"Hakuna kilichobaki."

Akageuka kwa wenzake. "Mnaona? Miaka minne."

Kilichobaki kilikuja kusomeka msimu uleule. Mwanamke mmoja kutoka Dodoma alikutwa na kope zilizogeuka, akaandikwa, akapelekwa kufanyiwa upasuaji mdogo wa kuzirudisha nje. Alirudi baada ya wiki chache anaona vizuri kabisa. Kwa maelezo yake, aliweza kuhesabu manyoya ya tai aliyekuwa juu ya msitu. Lakini uongozi ulikuwa umeamua kwamba aliyeandikwa kwenda hospitali asiguse kichanja mpaka apone, na yeye alikuwa kibarua wa msimu. Alipopona, nafasi yake ilikuwa na mtu. Akaanza kuuza maandazi getini. Hakuna aliyemfukuza, naomba nieleweke, ila hakuna aliyemwita.

Kila alipopita Mama Nyapara, yule wa maandazi alimwambia, "Mama, nenda ukashonwe. Ni kama kupinda pindo la nguo. Huoni mimi?"

"Ninakuona," alijibu Mama Nyapara. "Ninakuona upo nje ya geti."

Hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa, na nasema letu kwa sababu sikuwa mtazamaji. Badala ya kila Jumatatu tu, kibano kikaanza kufanya kazi alfajiri ya siku ya kupimwa. Wanawake walijipanga nyuma ya tangi la maji, na Mama Nyapara akawang'oa kope zote zilizogeuka, akawapangusa kwa maji ya baridi, akawakagua. Saa tatu timu inafika, inapindua ngozi, inamulika tochi, haioni ukope unaogusa jicho. Mzima. Anayefuata. Hata za kwake mwenyewe alijing'oa, kwa kupapasa, kioo hakikumsaidia tena. Wenye kovu la ndani waliambiwa watumie dawa ya kupaka, na maisha yakaendelea.

Meneja alifurahi. Shamba letu lilionekana lina macho mazuri kuliko watu wa Ulaya. Kung'oa ukope siyo kuuponya ugonjwa, lakini nani angesema? Mlinzi wa geti, Mmasai wa Soitsambu aliyependa kukaa karibu na foleni ili achokoze watu, ndiye pekee aliyeuliza.

"Nyinyi kina mama, mbona leo mmenyolewa macho? Mnaenda jando?"

"Wewe linda geti," Mama Nyapara akamwambia. "Ng'ombe zako zilipotea ukiwa umezitazama."

Na kwenye ubao wa kupimia macho nilikuwepo mimi, karani. Kwa wasiojua herufi, ubao ule una E peke yake, miguu yake mara juu, mara chini, mara kushoto, mara kulia. Unasimama mbali, karani anaonyesha kwa fimbo, nawe unaelekeza mkono kule miguu inakoelekea. Mama Nyapara alifika mstari wa tatu akakwama. Aliangalia ubao, kisha akaniangalia mimi, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyesimama mlangoni kwa msimamizi akisema huyu ni mtoto wa dada yangu.

Fimbo ni kubwa kuliko E. Fimbo aliiona. Nikaanza kuilaza: miguu ikiwa kushoto, ncha ya fimbo nikaiingiza kutokea kulia ikitazama kushoto, ikiwa juu, nikainyanyua kutoka chini. Akasoma ubao mzima mpaka vile vidogo vya mwisho ambavyo mimi mwenyewe na cheti changu nilivikadiria tu. Daktari akashangaa. Msimu uliofuata tukarudia, na uliofuata pia. Nyumbani nilijipongeza. Nilidhani ninamlipa.

Kisha akaja nesi mgeni.

Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye miwani, na hakuwa na haraka. Yeye hakutosheka na tochi. Alipitisha ncha ya kidole taratibu kwenye ukingo wa jicho la mwanamke wa kwanza, akasita, akapitisha tena.

"Hapa ni kama kidevu cha mwanamume aliyenyoa jana," alisema. "Nani amekung'oa?"

"Zimeanguka zenyewe, sista."

Mwanamke wa pili naye zilianguka zenyewe. Na wa tatu. Nesi akaweka tochi chini, akazungumza na foleni nzima bila kupandisha sauti.

"Mama zangu, sikilizeni. Ukope ukiung'oa unarudi baada ya wiki chache, na unarudi mfupi, mgumu, umesimama. Ule mrefu ulikuwa unapapasa. Huu mfupi unachoma. Unachoma kioo cha jicho mpaka kinatoka kovu jeupe, na kovu hilo mimi sina dawa yake."

Kila mtu alitazama chini. Mimi nilimtazama Mama Nyapara, na mkono wake ulikuwa shingoni, umefunika kibano.

Zamu yake ilipofika, nesi alikaa naye muda mrefu. Alifunua kilemba, akatazama la kulia, hakuuliza mwiba wa mti gani. Akahamia la kushoto.

"Mama, hili bado lipo. Lakini limeshaanza kuchubuka. Unaonaje nalo?"

"Naona vizuri tu, mwanangu."

Nesi akanigeukia. Gari lao lilikuwa limebakiza nafasi chache za kwenda hospitali siku ileile, nazo zilikuwa za watu ambao uoni wao umeanza kupungua. Wengine wangengoja timu irudi.

"Karani," akasema, "huyu mama amesoma mpaka wapi ubaoni?"

Ningeweza kusema. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na elimu ya miaka minne ilikuwa kichwani. Mama Nyapara hakunitazama hata kidogo, alitazama vichanja vyake kupitia dirishani, na wanawake waliokuwa wakimngoja.

"Mstari wa mwisho, sista."

Nesi alinikazia macho. Nadhani alijua, ila mtu mmoja hawezi kubishana na daftari zima. Akaandika: angoje timu itakaporudi. Gari likaondoka na wanawake wengine.

Jioni Mama Nyapara aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akayaweka mezani pangu, akaondoka. Niliyanywa yote. Nayakumbuka yalivyokuwa matamu, na hilo nalo linaniuma.

Timu haikurudi upesi. Mvua ziliharibu njia, halafu msimu ukaisha, halafu sijui nini. Katikati ya hapo Mama Nyapara aliendelea kujing'oa kwa kupapasa, na kibano kisichoona kinashika chochote. Nilimkuta mara mbili amekaa kwenye ndoo, machozi yanamtiririka upande mmoja wa uso tu. Nilimwambia twende Karatu mjini, hospitali, nitampeleka mwenyewe kwa bodaboda.

"Nikitoka hapa siku tatu, nani atasimamia?"

"Wapo wengine, Mama."

"Ndiyo hilo ninaloliogopa."

Msimu mmoja mzima alichambua kwa vidole, na hakuna aliyegundua. Hapa sitii chumvi hata punje. Iliyopasuka aliijua, iliyotobolewa aliijua, nyepesi aliijua kwa kuirusha kiganjani. Lakini punje nyeusi ina umbo lilelile la punje nzima. Ngozi yake ni ileile, uzito karibu uleule. Nyeusi zikaanza kupita. Wanawake wakawa wanazunguka nyuma yake wakizitoa kimyakimya, wanawake wale aliowasema kwa punje moja mpaka saa ya chakula, na yeye akisikia nyayo zao zinafuata, akasimama.

"Mnatoa nini hapo?"

Nyayo nazo zikasimama.

"Ninawauliza, mnatoa nini?"

"Majani tu, Mama," mmoja akasema.

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya wavu. Hakurudi. Msimamizi hakuwa na haja ya kuandika barua. Bintiye akaja kumchukua, akampeleka Baray, bondeni kule kwenye vitunguu, njia ya kwenda Ziwa Eyasi. Mimi nilibeba sanduku lake mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kumwambia, hotuba kamili yenye utangulizi, na nilipofungua mdomo nikamwambia asafiri salama.

Miaka ikapita. Niliacha ile kazi. Sasa timu ya macho ikienda vijijini hunichukua kupiga mbiu, kwa sababu nasikika mpaka kijiji cha pili hata kipaza sauti kikizimika, na nikiwa pale huwaandikia majina. Mimi mwenyewe sasa navaa miwani. Mwaka huu tulikwenda Baray. Nilipita mashambani nikitangaza, watu wakiinuka kwenye vitunguu kunisikiliza, na kwenye kibaraza cha nyumba moja ya bati sauti ikasema:

"Bado unatamka tu."

Alikuwa ameketi na ungo wa maharage mapajani, akichambua. Alikuwa amekonda mpaka pua ile iliyonyooka ikawa ndiyo uso. Kibano kilikuwa shingoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Singida. Umenenepa. Nasikia hatua."

Nikakaa chini. Macho yote mawili yalikuwa meupe. La kushoto lilijua mchana na usiku, basi. Lakini kope hazikujali kama jicho linaona au halioni. Ziliendelea kuota, ziliendelea kuchoma. Bintiye humng'oa akipata nafasi, na siku hiyo alikuwa shambani. Mama Nyapara akavua kibano, akaninyooshea.

"Ziko tatu. Nazihesabu kila nikipepesa. Ning'olee."

Nilikishika. Kilikuwa na joto la mwili wake. Miwani yangu ilijaa ukungu na sikuona ukope hata mmoja.

"Twende kwenye zahanati, Mama. Watazigeuza zisirudi tena."

"Nitaona?"

"Hapana."

Nilisema upesi, kabla mtu mzuri aliye ndani yangu hajapata muda wa kudanganya.

Vidole vyake vilizunguka kwenye maharage. Kisha akasimama, akashika bega langu.

Nesi alikuwa yuleyule, ameongeza mvi. Alimtazama Mama Nyapara, akanitazama mimi. Akamkalisha, akanyanyua mkono mbele ya uso wake.

"Mama, hivi ni vidole vingapi?"

Polepole, kichwa cha Mama Nyapara kikageuka upande niliosimama, kikainama kidogo, kikangoja. Nilikuwa na daftari na kalamu. Nikasikia kitanda kikilia chumba cha pili, nikasikia watu nje wakibishana nani ametangulia. Sikujongea. Sikukohoa. Nesi naye hakushusha mkono.

"Sivioni," akasema mwishowe. "Mkono wenyewe siuoni."

"Na hili lingine?"

"Nalo halioni. Lilishakufa siku nyingi. Sikuchomwa na mwiba."

Nesi akanielekeza cha kuandika, nikaandika. Alimweleza kwamba alasiri atageuzwa kope za macho yote mawili, kwamba maumivu yataisha, na kwamba kovu litabaki. Mama Nyapara aliitikia kwa kichwa kila neno, kama nyapara anayepokea maagizo ya siku.

Nesi alipotoka kuandaa vifaa, akaniuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikasoma jina lake lote, mpaka la babu yake. Nikasoma kijiji. Nikasoma, "Jicho la kulia, haoni. Jicho la kushoto, haoni."

"Halafu?"

Nilitazama daftari. Nilitafuta chini ya mstari, nikageuza hata ukurasa.

"Basi, Mama. Imeishia hapo."

"Ehee," akasema. "Leo umesoma yote."